Kuchagua Kamera

Wazee walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Neno hili ni la kweli kwa mvivu, maana mvivu huchagua jembe mpaka mvua ikapita na shamba likabaki pori. Lakini si la kweli kwa kila mtu. Mkulima wa bondeni na mkulima wa mlimani hawalimi udongo mmoja, na jembe lililo jema katika mchanga wa pwani huweza kuwa mzigo katika udongo wa mfinyanzi. Basi kuna uchaguzi wa mvivu na kuna uchaguzi wa mjuzi: wa kwanza hutazama jembe, wa pili hutazama shamba. Nataka kusema habari za kamera kwa mizani hiyo hiyo, kwa sababu kamera ni jembe la mtu apendaye picha, na siku hizi wachaguaji wa jembe hili ni wengi kuliko wakulima.

Nasema juu ya mtu apendaye picha, si juu ya mtu aishiye kwa picha. Aishiye kwa picha ana mabwana wengi wa kumchagulia: mwenye arusi ataka hiki, mhariri wa gazeti ataka kile, na kamera yake hujilipa. Yuko pia mtu apigaye picha kwa kupita tu. Huyo ameridhika na simu yake, na yafaa aridhike, maana simu ya leo ni chombo cha ajabu. Katikati ya hao wawili amesimama mpenzi wa picha. Hana bwana wala mteja. Hupiga picha kwa sababu moyo humwambia kuwa kitu fulani kisipite bila ya kutazamwa. Hununua kwa fedha yake mwenyewe, na kwa wengi wetu fedha hiyo ni akiba ya miezi mingi, pengine ya miaka. Uhuru wake ni neema, na papo hapo ni mtihani.

Mtihani huu ni mpya. Mwaka 1975 Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak huko Marekani, aliunda kamera ya dijitali iliyokuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, yaani 100 kwa 100, nayo ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja katika kanda ya kaseti. Mwaka 2003 Canon ilitoa EOS 300D yenye nukta milioni 6, na kwa kamera hiyo mtu wa kawaida wa Marekani aliweza kupata chombo chenye lenzi za kubadilisha kwa bei iliyo chini ya dola 1,000. Katika safari ile kutoka nukta elfu kumi mpaka milioni sita, kila hatua ilikuwa faida ya wazi. Aliyeuliza nukta aliuliza jambo la maana. Wachuuzi wakalipenda neno megapikseli, yaani nukta milioni, kwa sababu ni neno fupi na lina tarakimu, na tarakimu haihitaji mashahidi.

Lakini swali lililokuwa jema jana huweza kuwa upuuzi leo. Tufanye hesabu. Picha ya karatasi yenye sentimita 20 kwa 30, ikichapwa kwa nukta 300 katika kila inchi, hutaka nukta 2,362 kwa 3,543, yaani megapikseli 8 na kidogo. Kamera nyingi za leo huanzia 20 au 24. Tena nukta hutandazwa kwa upana na kwa urefu. Mtu atakaye picha iliyo kubwa maradufu kila upande, kwa ubora ule ule, hana budi kupata nukta mara nne. Ndiyo sababu mtu atokaye megapikseli 24 akaenda 45 hudhani amepata karibu mara mbili, kumbe kila upande wa picha yake umeongezeka kwa asilimia 37 tu. Mpiga picha za ndege walio mbali, ambaye hukata kipande kidogo cha picha akakikuza, ataiona faida hiyo. Mwingine atalipa bei yake, kisha atanunua pa kuhifadhia picha nzito asizozihitaji.

Picha haifanywi kwa nukta. Hufanywa kwa nuru. Ndani ya kamera mna kihisi, kipande kinachoipokea nuru mahali ambapo zamani palikaa filamu. Mfano wake ni sinia lililowekwa uani wakati wa mvua. Sinia kubwa hupata maji mengi hata katika manyunyu, na dogo hungoja gharika. Kihisi kikubwa katika kamera za kawaida kina milimita 36 kwa 24, kipimo kilichorithiwa kutoka kwa filamu ya Leica iliyouzwa tangu mwaka 1925. Kile cha kati, kiitwacho APS-C, kina milimita 23.5 kwa 15.6 hivi. Kile cha Micro Four Thirds kina milimita 17.3 kwa 13. Ukizidisha, utaona kuwa cha kwanza kina eneo lililo zaidi ya mara mbili ya cha pili, na karibu mara nne ya cha tatu. Vihisi vya simu ni vidogo kuliko vyote hivyo, na simu hufidia upungufu wake kwa kupiga picha nyingi upesi na kuzichanganya ziwe moja.

Walakini sinia halipati mvua kama juu yake pana paa. Paa la kihisi ni lenzi, na nuru yote hupita katika tundu lake. Tundu hilo hupimwa kwa namba iandikwayo pamoja na herufi f, na namba ndogo ni tundu kubwa. Lenzi ya kuvuta inayouzwa pamoja na kamera nyingi huishia f/5.6 inapovutwa. Lenzi ya urefu mmoja ya f/1.8, ambayo katika kampuni nyingi ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu, hupitisha nuru karibu mara kumi ya hiyo. Mara kumi si jambo dogo. Ni tofauti ya mkono kutulia na mkono kutikisika, ya mtoto aonekanaye macho na mtoto aliyegeuka ukungu.

Elimu hii ni njema, lakini haitoshi kumchagulia mtu kamera, kama vile elimu ya chuma isivyotosha kumchagulia mkulima jembe. Lazima kwanza ajue shamba lake. Shamba langu mimi ni nyuso za wazee, na nitaeleza kwa nini.

Katika jamaa yetu, upande wa Pangani, imebaki picha moja tu ya bibi yangu mzaa mama. Ilipigwa arusini, mchana, katika miaka ya 1980, na mpiga picha aliyekodiwa. Bibi amesimama ukutani, amejitanda kanga nyeupe yenye maua mekundu. Kanga imetoka vizuri kabisa. Maua yake yahesabika, na maandishi yaliyo chini yake yasomeka mpaka herufi ya mwisho. Uso wa bibi ni kivuli. Mtu aliyemjua hutambua kimo chake na namna alivyoinamisha shingo. Mtu asiyemjua, kama watoto wangu, huona kanga iliyosimama peke yake. Bibi alifariki kabla hajapigwa picha nyingine. Tunayo kumbukumbu kamili ya nguo yake, na yeye hatunaye.

Niliishi na picha ile miaka mingi nikidhani ni bahati mbaya. Nilipojifunza kazi ya kamera nilifahamu kuwa bahati ina sehemu ndogo katika jambo hili. Kipima nuru kilichomo ndani ya kamera hakijui kanga wala uso. Kwa asili yake huchukulia kuwa yote yaliyo mbele yake, yakichanganywa, ni rangi ya kijivu ya wastani. Kikiona nguo nyeupe nyingi hudhani nuru imezidi, kikaipunguza. Nguo hupona, na uso mweusi huzama. Tena mizani ya rangi haikutengenezwa kwa ajili yetu. Kodak ilipeleka kwa wasafishaji picha kadi za kusawazishia rangi ambazo kwa miongo mingi zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe, na wao walizoea kuziita kadi za Shirley. Ngozi yake ilipotoka vizuri, mtambo ulihesabiwa kuwa umesawazishwa. Kadi ya Kodak yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilitoka katika miaka ya 1990. Sisemi haya kwa kulaumu mtambo, kwa kuwa mtambo hutii. Nasema ili mnunuzi ajue kuwa chombo huja na mazoea ya mahali kilipotengenezwa, na kuwa wajibu wa kukifundisha mazoea ya kwetu ni wake yeye.

Basi nilipotaka kununua, swali langu halikuwa kamera ipi ni bora. Nilijiuliza: ni kamera ipi itakayomwona mzee mweusi, aliyevaa kanzu nyeupe, ndani ya chumba chenye dirisha moja, saa kumi na moja ya jioni? Swali likiwa wazi namna hii, mambo mengi yaliyokuwa yakinitisha yalianguka yenyewe. Kasi ya kupiga picha ishirini kwa sekunde ilianguka, maana wazee wangu hawakimbii. Lenzi ndefu za kuvuta wanyama wa Serengeti zilianguka. Yalibaki mambo machache, na haya nilikuwa tayari kuyalipia.

La kwanza ni uwezo wa kihisi kushika weupe na weusi kwa pamoja, kanzu isiungue na uso usizame. La pili ni kuhifadhi picha mbichi. Picha ya JPEG, ambayo kamera imekwisha kuipika, huwa na ngazi 256 tu za nuru kwa kila rangi. Picha mbichi ya biti 14 huweza kuwa na ngazi 16,384, na katika ngazi hizo uso uliozama kidogo huweza kuopolewa. La tatu ni gurudumu la kuongeza na kupunguza nuru, lililo karibu na kidole gumba, si lililofichwa ndani ya orodha. Mtu apigaye nyuso nyeusi na nguo nyeupe hulizungusha gurudumu hilo kila siku. La nne ni kitazamio cha umeme, kinachomwonyesha mtu picha itakavyokuwa kabla hajaipiga. Hapa kamera zisizo na kioo, zilizoanza kwa Panasonic G1 mwaka 2008, zimezipita zile za zamani zenye kioo. Kioo huonyesha mzee alivyo. Kitazamio cha umeme huonyesha kamera inavyomwona. Kwa kazi yangu la pili ndilo lenye faida.

Niliingia duka moja mjini. Kijana aliyekuwa akiuza aliniamkia kwa adabu, kisha akanisogezea kamera nzito.

“Mzee wangu, chukua hii. Ina megapikseli arobaini na tano.”

Nilimwomba kitu kimoja. “Mwanangu, simama pale penye kivuli, karibu na rafu.”

Alikuwa amevaa shati jeupe, na nuru ya mlangoni ilimpata ubavu mmoja. Nilimpiga picha kwa kamera ile ya nukta nyingi, iliyokuwa na lenzi ya kuvuta ya f/4. Kisha nikaomba nyingine iliyotumika, ya kihisi cha kati, nikaitia lenzi ya milimita 35 ya f/1.8. Katika zote mbili niliongeza nuru kwa kiasi kimoja, na katika zote mbili nilizuia kamera isiongeze ukali wa kihisi kupita kipimo nilichokiweka. Tulikuza sura yake katika kioo cha nyuma. Katika picha ya kwanza pazia la kamera lilikaa wazi muda mrefu, kijana akapepesa, na macho yakatoka ukungu. Katika ya pili macho yalikuwa macho. Aliitazama kitambo, akasema, “Huyu ndiye mimi.”

Jambo hili si muujiza, ni hesabu. Kihisi kikubwa kilikuwa na eneo la mara 2.35 hivi kuliko kile cha kati. Lakini tundu la f/1.8 hupitisha nuru karibu mara tano kuliko f/4. Sinia dogo lililokaa penye mvua lilipata maji mara mbili ya sinia kubwa lililokaa chini ya ukingo wa paa. Mwenye fedha ya kutosha hununua sinia kubwa na tundu kubwa pamoja, na hapana wa kumzuia. Kwa mwenye akiba yenye mpaka, hukumu yangu ni kuwa fedha iende kwenye lenzi kwanza, na kihisi kipate kinachobaki.

Kuna sababu nyingine ya kuitukuza lenzi. Kununua kamera yenye lenzi za kubadilisha ni kama kuoa: mtu huoa mke mmoja lakini hupata ukoo mzima. Mdomo wa kamera hukubali lenzi za ukoo wake, na mwili wa kamera huchakaa upesi kuliko lenzi. Mdomo wa F wa Nikon ulianza mwaka 1959, na lenzi nyingi za zamani zingali zikifanya kazi mikononi mwa watu. Mwaka 2018 Nikon na Canon zilianzisha midomo mipya kwa kamera zao zisizo na kioo, na jambo hilo limewafaa maskini, maana matajiri waliohama wameuza vyombo vizuri vyenye kioo kwa bei ndogo. Mpenzi wa picha aanzaye leo, asiye na haja ya kitazamio cha umeme, huweza kupata humo kamera njema na lenzi mbili kwa bei ya mwili mmoja mpya. Aulize kwanza ni ukoo gani wenye lenzi anayoihitaji, na ni ukoo gani rafiki zake wanao, ili waazimane.

Mwenye kununua kilichotumika, hasa sisi wa pwani, asisahau adui aitwaye ukungu. Hewa ya joto yenye unyevu huotesha kuvu katikati ya vioo vya lenzi, kama nyuzi za buibui, na kuvu ikikaa muda mrefu huweza kula kioo chenyewe. Dawa ya kuijua ni tochi. Imulike lenzi kutoka nyuma, utazame kutoka mbele, na usione haya mbele ya muuzaji. Kisha uulize pazia la kamera limefunguka mara ngapi, maana kamera nyingi hutengenezwa kwa kutarajiwa kufungua pazia mara 100,000 au 200,000. Nyumbani, lenzi haikai katika mfuko wake wa ngozi kabatini. Hukaa katika chombo kinachofungika barabara, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Gharama ya chombo hicho ni ndogo sana, na ndiyo bima pekee wengi wetu tutakayoweza kuilipa.

Limebaki jambo la uzito, ambalo wengi hulidharau dukani kwa sababu dukani mtu huishika kamera dakika tano. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kamera iliyobaki nyumbani kwa uzito wake imeshindwa na simu iliyo mfukoni, hata kama kihisi chake ni mara kumi. Kwa hiyo mpenzi wa picha na apime mwendo wake wa kila siku, basi apandalo, na bega lake. Na kama atajiona kuwa hataibeba, asinunue. Ajifunze simu yake vema, aizuie isiilainishe wala kuing'arisha ngozi ya watu bila ya kuulizwa, kama simu nyingine zifanyavyo, na fedha yake aitumie kwa nauli ya kuwafikia wale anaotaka kuwapiga picha. Nauli ni sehemu ya kamera. Kadhalika uchapaji wa karatasi, kwa kuwa picha elfu tatu zilizofungiwa katika kadi hazimfariji mtu yeyote.

Mimi nilinunua ile ya kihisi cha kati pamoja na lenzi yake moja. Kwa baki ya fedha nilikwenda Pangani mara nne, na kila safari nilichapa picha na kuwapelekea wenyewe. Wazee saba niliwapiga, kila mmoja dirishani pake. Nilipima uso, nikaiacha kanzu ijitetee. Wawili kati yao wamekwisha kufariki. Picha zao zimetundikwa katika nyumba za watoto wao, na wajukuu waliozaliwa baadaye huonyesha kwa kidole kovu la paji la uso, wakauliza lilipatikana wapi. Kuna mtu wa kuwajibu.

Hii ndiyo sababu siwezi kumwambia mwanafunzi aniulizaye jina la kamera. Mmoja atapiga mashua zikirudi alfajiri, naye atahitaji chombo kisichoogopa chumvi na matone. Mwingine atapiga hati za kale, kurasa kwa kurasa, na huyo ana haki ya kutaka nukta nyingi. Wa tatu atapiga ngoma usiku, na kasi ya kulenga itamfaa kuliko yote niliyoyataja. Namwuliza tu ni kitu gani ambacho kikipotea kesho atajuta kwa kuwa hakukipiga. Akikijua, nuru ya kitu hicho na mwendo wake vitamchagulia lenzi, lenzi itamchagulia ukoo, na mfuko wake utamaliza maneno. Na achague kwa juma moja au mawili, si kwa mwaka, maana wazee wake hawatangoja toleo lijalo.